Naombeni ushauri: nataka kumpeleka mama kuona bahari Gangneung kwa gari, wikiendi moja tu

mwana_chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Niko Suwon, Korea Kusini, mwaka wa pili sasa, nasoma shahada ya uzamili. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Ana wiki ya tatu hapa, amebakiza mbili. Ana miaka 64, mzima wa afya, ila magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi.

Nimemtembeza makasri ya Seoul, ngome ya Hwaseong tumeizunguka kwa chini, masoko tumekwenda. Anashukuru kila siku, lakini mama yangu namjua. Juzi usiku alisimama dirishani, tuko ghorofa ya tisa, akaniuliza, "Hivi huku bahari iko upande gani?" Nikamwonyesha kwa mkono, na mbele yetu ni maghorofa matupu. Tangu hapo sijatulia. Mtu kazaliwa anasikia mawimbi, leo wiki tatu hajayaona maji ya chumvi.

Mpango wangu ni wikiendi ya katikati ya Oktoba. Tutakuwa wanne: mimi, mama na wenzangu wawili wa darasani. Tukodi gari Ijumaa jioni, turudi Jumapili. Nimefikiria Gangneung au Sokcho, miji ya pwani ya mashariki, ila kuna mtu kaniambia Busan ndiyo yenyewe.

Naomba kujua: mji upi unamfaa mtu mzima mwenye magoti mabovu? Kuendesha huko kukoje? Nina leseni ya Tanzania na kile kibali cha kimataifa nilichokuja nacho. Halafu chakula: mama hali nguruwe, hali nyama asiyojua imechinjwaje, na samaki mbichi hata umlipe. Mfuko ni wa mwanafunzi.

Nawasilisha.

Fundi_Ansan

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya mji, tuongee leseni, maana hapo nimeona jambo la hatari.

Kibali cha kimataifa hapa Korea kinahesabiwa mwaka mmoja tangu siku uliyoingia nchini. Wewe uko mwaka wa pili, kwa hiyo hakikusaidii tena hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake inaonekana nzuri. Ukikaa nyuma ya usukani ni sawa na mtu asiye na leseni, na ukigongana bima itakukimbia. Nimeshuhudia kijana wetu mmoja hapa Ansan yakimkuta, kalipa matengenezo ya gari la watu karibu mwaka mzima kwa mshahara wa kiwandani. Usimpakie mama yako kwenye gari la namna hiyo. Ama nenda kituo cha mitihani ya udereva ukaulizie kubadili leseni, ama aendeshe mwenye leseni ya hapa.

mwana_chumbageni

Kaka Fundi, umeniokoa. Nilikuwa nakiona kibali kama kipo hai kabisa. Kati ya wale wenzangu wawili, mmoja ni wa Kampala na ana leseni ya Korea tangu mwaka jana. Nimeshaongea naye, ataendesha yeye, mimi nitakaa pembeni nisome ramani.

Fundi_Ansan

Hapo sawa. Basi mwambie haya, ingawa mengi atakuwa anayajua. Mjini ni kilomita 50 kwa saa, karibu na shule ni 30, barabara kuu za kulipia nyingi ni 100, na kamera zipo kila mahali. Faini inakwenda kwa mwenye gari, naye anaikata kwako. Taa ikiwa nyekundu na unataka kukata kulia, lazima usimame kabisa kwanza, siyo kupunguza mwendo. Kwenye pampu, *hwiballyu* ni petroli na *gyeongyu* ni dizeli, muulize mwenye gari linatumia ipi kabla hamjaondoka.

Bima chukueni ile kubwa kabisa, na mlipige gari picha pande zote, hata chini ya bampa. Mimi nilidaiwa mkwaruzo niliokuta upo.

Ramani tumieni Naver au Kakao. Ile tuliyozoea nyumbani mimi ilinishinda, kwa gari haikunipa njia hapa.

Mzee_wa_Busan

Mimi nasema Busan na sibadiliki. Mji mkubwa wa bandari, watu zaidi ya milioni tatu, soko la samaki la Jagalchi mama atajihisi yuko nyumbani, Haeundae ufukwe wa mchanga mpana. Na kuna msikiti, upo tangu mwaka 1980, na jirani yake hakosi mahali pa kula kwa amani. Gangneung utamkuta nani?

Dada_Wonju

Mzee wangu, Busan ni mji mzuri, nimekwenda mara nne. Lakini mwenye uzi ana siku mbili na gari. Suwon mpaka Busan ni kilomita karibu 400, kwenda na kurudi wikiendi imeisha barabarani. Tena Busan imejengwa milimani, zile picha za Gamcheon za nyumba za rangi rangi ni ngazi tupu. Busan aende kwa treni ya mwendokasi siku nyingine.

Mdogo wangu, nenda Gangneung. Mimi naishi Wonju, iko njiani, hii barabara naijua. Ni kilomita 200 na kidogo kwa barabara kuu namba 50, ile ya Yeongdong, na unanyoosha tu kuelekea mashariki.

Ila usiondoke Ijumaa jioni. Nakusihi. Ijumaa jioni Seoul nzima inakuwa inaelekea huko, na makutano ya Hobeop pale Icheon mtakaa mpaka mama miguu ivimbe. Ondokeni Jumamosi saa 10 alfajiri. Mama si anaamka kuswali? Basi mtaswali njiani. Vituo vya mapumziko vya hapa ni visafi, vyoo vina maji ya moto, na pale Hoengseong mtapata viazi vidogo vya kukaanga vinaitwa *algamja*, mama atavipenda. Kurudi, ama mtoke Gangneung Jumapili kabla ya saa 5 asubuhi, ama mngoje usiku.

Njiani mtapanda mpaka Daegwallyeong, mwinuko wa mita zaidi ya 800, mtaona mitambo mirefu ya upepo juu ya vilima. Baada ya hapo ni handaki baada ya handaki mnashuka, masikio yanaziba, halafu ghafla mnatoka na bahari iko kule chini mbele yenu. Mama akae siti ya mbele. Kwa hilo wewe utasamehe kiti chako cha kusoma ramani.

Sokcho ni kuzuri pia, lakini katikati ya Oktoba majani ya mlima Seoraksan ulio jirani yanabadilika rangi na nchi nzima inakwenda kuyaangalia. Ile barabara ya kuingia hifadhini husimama kabisa.

mwana_chumbageni

Dada Wonju, Mungu akubariki. Saa 10 alfajiri imepita bila kupingwa, nimemwambia mama akasema "hata saa 8 tuondoke".

Mkisauni

Salaam aleikum nyote. Mie ni wa Mombasa, nilifanya kazi Gangneung miezi minane, naomba nami niseme kuhusu chakula na malazi, maana huko ndiko mzazi huumia na asiseme.

Malazi kwanza. Nyumba nyingi za wageni vyumba vyao ni vya kulala chini, sakafu yenye moto. Moto wake ni mtamu kwa magoti, lakini kuinuka sasa! Mtu wa miaka 64 utamtesa. Uliza chumba chenye kitanda, sema *chimdae-bang*, na uliza kama pana lifti. Bei ya Jumamosi hupanda, shika mapema.

Chakula: mtaa wa Chodang wanapika tofu laini kwa kugandisha maziwa ya soya na maji ya bahari, ndiyo sifa yake miaka na miaka. Agiza ile nyeupe, *sundubu* tupu na wali. Ile nyekundu ya mchuzi ulizia, mara nyingine hutiwa nyama. Samaki sema *saengseon-gui*, ni wa kuchoma. Wakikuletea *godeungeo* mama atacheka, maana ni jamaa moja na vibua wetu. Jihadhari na kitu kiitwacho *sundae*: ile ya kawaida ni utumbo wa nguruwe na damu. Kuna ya ngisi pia, huonekana safi, lakini ndani hujui wamejaza nini.

Soko la Jumunjin ni mwendo mfupi kaskazini mwa mji. Ngisi wamekaushwa wametundikwa kama nguo kwenye kamba. Mpe mama muda hapo, usimharakishe, atataka kumuuliza bei kila muuzaji.

Na mpeleke Ojukheon. Ni nyumba ya kale yenye mianzi myeusi, uwanja tambarare, ngazi chache. Alizaliwa humo bibi mmoja mchoraji, Shin Saimdang, mwaka 1504, na akamzaa humo humo mwanawe Yi I, mwanazuoni mkubwa. Leo mama yuko kwenye noti ya won 50,000 na mwana kwenye ya 5,000. Zitoe noti zote mbili mfukoni umwonyeshe mamako mkiwa pale pale. Mimi nilipokwenda peke yangu nilimkumbuka mama yangu mpaka nikatoka nje.

binti_wa_Daejeon

Samahani nitatofautiana kidogo. Kwa nini mashariki kote huko? Wewe uko Suwon, bahari ya magharibi iko pua na mdomo. Nenda Jebudo, ni kisiwa kidogo cha mji wa Hwaseong hapo jirani, maji yakikupwa barabara inatokea katikati ya bahari mnapita na gari, yakijaa inazama. Mtu wa Tanga anayejua bamvua angeelewa kule kuliko Mkorea yeyote.

Dada_Wonju

Hoja yako nzuri binti, ila magharibi maji ni ya tope na jua linazama huko. Mama wa Tanga kazoea jua linalotoka baharini. Gangneung linatoka baharini.

Na jambo moja nilisahau: Oktoba fukwe hazina waokoaji, na bahari ya mashariki inakuwa na kina hatua chache tu kutoka mchangani. Kukanyaga maji sawa, kuogelea hapana. Mkipata shida yoyote, 119 ni ya wagonjwa na moto, 112 ni polisi, na 1330 ni ya wageni, wana wakalimani.

mwana_chumbageni (baada ya siku 12)

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyofundishwa.

Tulitoka saa 10 na robo alfajiri. Saa moja na nusu asubuhi tukawa ufukwe wa Gyeongpo, na tulisimama kuswali na kula vile viazi. Mama alikaa mbele. Tulipotoka handaki la mwisho hakusema kitu, alishika tu mkono wa mlango. Tulipofika ufukweni alivua viatu kabla sijazima redio, akaenda mpaka maji yakamgusa vifundo, akachota kiganjani akaonja. Akasema, "Chumvi yake ndogo, na baridi." Kisha akakaa kwenye benchi chini ya misonobari, hakutaka kuondoka.

Tofu ya Chodang alikula akaomba nyongeza. Jumunjin tulikaa saa mbili, amenunua ngisi wakavu wa kupeleka Tanga. Ojukheon nilitoa zile noti, Mkisauni, kama ulivyosema. Ile ya 50,000 nimempa aihifadhi, amesema haibadilishi. Jumapili tulikwenda ufukwe wa Jeongdongjin kuona jua, lilitoka kama saa 12 na nusu, maji yote mekundu. Alinishika bega akanionyesha kwa kidole kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Kurudi tulichelewa, tukatoka saa 7 mchana kwa sababu sikuwa na moyo wa kumwinua pale. Tulitumia karibu saa sita mpaka Suwon. Dada Wonju alinionya, kosa ni langu.

Lakini kuna swali mama kaniuliza sikuweza kulijibu. Jumamosi asubuhi alichomeka kijiti mchangani mahali maji yalipoishia. Mchana akaenda kukiangalia. Jioni akaenda tena. Akaniambia, "Mwanangu, bahari hii haikupwi. Ina nini?"

binti_wa_Daejeon

Mama yako ana akili nyingi sana. Upande wa mashariki wa Korea maji yanapanda na kushuka kama sentimita 30 tu, hata hutambui. Bahari ile ni kama beseni kubwa, imefungwa na milango yake ni myembamba na ya kina kifupi, kwa hiyo maji ya bamvua hayapati nafasi ya kuingia na kutoka. Magharibi ni kinyume chake: bahari ni ya kina kidogo na iko wazi upande wa kusini, pale Incheon tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita tisa. Mmepita kutoka kwenye maji yanayosogea kuliko ya Tanga hadi kwenye maji yanayokaa kama ziwa, kwa saa tatu tu za gari.

mwana_chumbageni

Nimemsomea hayo neno kwa neno. Ameuliza mara mbili, mita tisa? Kisha akaniuliza kile kisiwa chenye barabara inayozama kinaitwaje. Anaondoka Alhamisi. Naombeni basi ratiba ya maji ya Jebudo ya Jumanne naipata wapi?

binti_wa_Daejeon

Ofisi ya mji wa Hwaseong inaiweka mtandaoni, tafuta saa za kupita barabara ya Jebudo. Nendeni saa moja kabla haijafunguka, mwegeshe gari upande wa bara, mama aione ikitoka majini.