Kwa nini Mlimani wanaiita mama wa vyuo?

Dogo wa Nyegezi: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kachaguliwa UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa hapa nyumbani mzee anashangilia kumshinda hata mwenyewe, anasema Mlimani ndo mama wa vyuo. Mimi nimesoma hapahapa Mwanza chuo cha SAUT, dogo akiniuliza sina jibu. Hii heshima imetoka wapi?

Mzee wa Kirumba: Mzee wenu yuko sahihi kabisa. Kilianza Oktoba 1961, uhuru wenyewe bado, nchi haina chuo kikuu hata kimoja, ukitaka digrii unavuka mpaka uende Makerere au Ulaya kama Mwalimu alivyofanya. Wakaanza na sheria tu, wanafunzi hata 20 hawafiki, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, digrii zinatoka London. Hawakusubiri majengo! Kule mlimani wamehamia 1964. Wakati huo kilikuwa kimoja na Makerere na Nairobi, 1970 ndo kila nchi ikabaki na chake.

Binti Ukerewe: Umama wake upo kweli jamani, kazaa. Kitivo cha kilimo Morogoro ndo Sokoine ya leo tangu 1984, Muhimbili na Ardhi nazo zikajitegemea 2007. Vyuo vya DUCE na Mkwawa bado viko mikononi mwake.

Mvuvi Sengerema: Mi nimesoma pale, enzi hizo unavuka Busisi na kivuko ndo ukapande basi la Dar. Dogo akifika aende Nkrumah Hall, ndo lile jengo lililokuwa kwenye noti ya 500 ya zamani. Halafu ajue habari ya 1966, wanafunzi waliandamana kupinga JKT ya lazima wakalalamikia na mishahara mikubwa ya viongozi, Mwalimu akawatimua karibu 400 warudi makwao ila na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Hilo mpaka leo linanigusa. Baada ya hapo ndo akina Walter Rodney, yule mwanahistoria, wanafundisha, Museveni yupo darasani, watu wanabishana siasa mpaka usiku. Na Magufuli wetu wa Chato kemia yake kaipatia hapohapo.

Dogo wa Nyegezi: Asanteni sana wakuu, nimemsomea mzee zote, hiyo ya 1966 kasema anaikumbuka vizuri. Sasa vipi hosteli, mwaka wa kwanza anapata?

Mvuvi Sengerema: Aombe mapema mkuu, asingoje afike. Zile za Magufuli za 2017 zimesaidia sana ila watu ni wengi.