Naomba ushauri: wahusika watano wa zama za Malkia Victoria kwa mchezo wa kusikiliza

Mwalimu_Zawadi

Wakuu, habari za jioni. Ninafundisha fasihi sekondari na ninasimamia kikundi cha maigizo. Mwaka huu tunarekodi mchezo wa kusikiliza wa vipindi sita. Tuna simu moja na kipaza sauti kimoja, na madirisha ya maktaba tunayaziba kwa mablanketi ili kelele za uwanjani zisiingie.

Kisa chenyewe: wahusika wa riwaya mbalimbali za karne ya 19 wanakutana London. Meli zinapotea Bahari ya Hindi, serikali ya Uingereza inamtupia lawama Kapteni Nemo na nyambizi yake Nautilus, kinaundwa kikosi cha watu watano kwenda kumtafuta. Niliowaweka mpaka sasa ni Sherlock Holmes, Mina Harker aliyepambana na Dracula, mwindaji Allan Quatermain, Dk. Jekyll pamoja na Hyde wake, na yule mtu asiyeonekana wa H. G. Wells. Hakimiliki hainisumbui, waandishi wao wote walifariki zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Kinachonisumbua ni mambo mawili. Nina wasichana watatu na wavulana wawili, na sitaki wasichana wamalize mwaka wakiigiza sauti za wanaume tu. La pili, Holmes anawameza wenzake. Kipindi cha kwanza nimekiandika mara nne, na mara zote nne amefumbua fumbo kabla wengine hawajavua makoti. Nani abaki, nani atoke?

Kabati_la_Vitabu

Mwalimu, hongera kwa kazi. Orodha yako karibu yote imeshatumika. Kuna katuni iliyoanza 1999 iliyowakusanya Mina, Quatermain, Nemo, Jekyll na huyo asiyeonekana, na 2003 ikatengenezewa filamu. Wahusika ni wa kila mtu kwa sasa, lakini vijana wako watalinganishwa nayo tangu dakika ya kwanza.

Ningekuwa wewe ningeanza na mwaka. Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi Januari 1901, na ndani ya miaka hiyo dunia ilibadilika kabisa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869. Kabla ya hapo meli ya kwenda Bombay ilizunguka Afrika nzima. Mina anapiga taipureta, na taipureta ya kwanza iliyofanikiwa sokoni ilitoka 1874. Holmes alianza kuchapishwa 1887, Dracula 1897. Nemo naye ni mtu wa miaka ya 1860. Ukiwaweka meza moja, mmoja wao lazima awe kikongwe au mtoto. Taja mwaka, utaona wenyewe wanajichuja.

Mwalimu_Zawadi

Asante sana mkuu. Nemo siwezi kumwacha, mchezo mzima umemsimamia yeye. Lakini si alikufa kwenye kile kitabu cha kisiwa?

Kabati_la_Vitabu

Alikufa, kwenye *The Mysterious Island*, na mwandishi wake Jules Verne aliandika mwaka wenyewe: 1868. Ila hapo Verne alijikanganya. Riwaya ya kwanza, ile ya Nautilus, inamwonyesha Nemo mwaka 1867 akiwa na nguvu zake zote na mabaharia wake. Ya pili inamzika mwaka mmoja baadaye, mzee mwenye mvi aliyebaki peke yake baada ya wenzake wote kufa. Hesabu hazikubaliani, kwa hiyo mlango uko wazi. Mweke 1873, na serikali iwe inaamini alishakufa.

Sauti_ya_Usiku

Nimefanya michezo ya redio miaka mingi, nigusie upande wa masikio tu. Mtu asiyeonekana mtoe. Redioni kila mtu haonekani! Kipaji chake chote kinakufa, na kinachobaki ni Griffin mwenyewe, mtu katili anayetaka kutisha nchi nzima.

Hyde mshike kwa mikono miwili. Watu wamezoea kumchora jitu, lakini kwenye kitabu cha Stevenson Hyde ni mfupi kuliko Jekyll, nguo za Jekyll zinampwaya. Na kuna mambo ya sauti humo ndani ambayo ni dhahabu kwako: mtumishi anamtambua Hyde nyuma ya mlango kwa hatua tu, nyepesi na za ajabu, wakati za Jekyll ni nzito zinazolalamisha sakafu. Mpe kijana mmoja viatu viwili. Kiatu cha ngozi cha mwalimu wa zamu kwa Jekyll, raba kwa Hyde. Rekodi hatua zikianza nzito katikati ya chumba na kuishia nyepesi mlangoni, bila neno hata moja. Msikilizaji atasimamisha uji mdomoni.

Faida nyingine: Stevenson aliuficha mwaka, tarehe zake zinaishia kwenye 18 na kistari. 1873 inamkubali bila kelele.

BintiWaLamu

Mwalimu, Quatermain abaki Durban akiwinda tembo wake. Mchukue Umslopogaas. Sisi watu wa Lamu hatumsahau, maana riwaya ya *Allan Quatermain* ya 1887 inaanzia safari yake kwetu, kisha inapanda Mto Tana kuelekea nchi ya Wamasai. Marehemu babu alikuwa na *Mashimo ya Mfalme Sulemani* ya Kiswahili, nakala isiyo na jalada, akitusomea baada ya isha, na baadaye akatusimulia hii ya pili kwa kichwa.

Umslopogaas ni shujaa wa Kizulu mwenye shoka liitwalo Inkosi-kaas. Nyuma ya shoka kuna ncha, naye hupiga kwa ncha hiyo vitobo vidogo safi, hata wakambandika jina la Kigogota. Haggard, mwandishi wake, alimfanya amfuate mzungu. Wewe usimfanye hivyo, nakuomba. Aje London kwa shughuli yake mwenyewe, na akubali safari kwa masharti yake. Na anapoongea asiongee Kiswahili cha kuvunjikavunjika, kama watafsiri wa zamani walivyopenda kuwafanyia watu weusi.

Mwalimu_Zawadi

Dada, hilo la mwisho nimelichukua kama lilivyo. Sasa wasichana wangu?

Mama_Nuru

Mpe mmoja wao Marian Halcombe, wa riwaya ya Wilkie Collins iliyotoka kwenye gazeti 1859 hadi 1860. Kwa maoni yangu ndiye mpelelezi bora wa zama hizo, na hakuna aliyemlipa senti.

Kuna sehemu moja nimeirudia hata sijui mara ngapi. Wanaume wawili wanapanga njama chumba cha chini dhidi ya dada yake. Marian anavua gauni la hariri kwa sababu linachakarisha, anavua na nguo nyeupe za ndani zisionekane gizani, anajifunga joho jeusi la safari. Anatoka dirishani, anatembea juu ya paa la baraza akipita madirisha ya vyumba vya watu, halafu anachutama kati ya vyungu vya maua na kusikiliza kila neno. Mvua inaanza. Hatoki. Anarudi chumbani amelowa chapachapa na anaandika yote aliyosikia mpaka homa inamwangusha na kalamu mkononi.

Huyo ndiye kiongozi wa kikosi. Anasikiliza kwanza, kisha anaongea. Holmes anaongea kwanza.

Kijana_wa_Mtaa_wa_Baker

Samahani Mama Nuru, shikamoo. Mimi nimejifunza kupenda kusoma kwa sababu ya Holmes, inaniuma kumwona anatolewa hivi. Watu watafungua kipindi kwa ajili ya jina lake.

Mama_Nuru

Marahaba mwanangu. Simchukii, na mimi nilimlilia alipoanguka kwenye maporomoko. Ila hesabu miaka: kisa cha mwisho cha 1914 kinamtaja kuwa mtu wa miaka 60. Basi 1873 ana kama 19, bado ni mwanafunzi. Mwalimu akipenda, apite kipindi kimoja tu: kijana mwembamba wa chuo anamwuliza Marian, ulijuaje? Naye anamweleza.

Kijana_wa_Mtaa_wa_Baker

Hiyo nimeikubali kwa moyo mmoja.

Msafiri80

Wakuu mmepita karibu sana na jambo kubwa bila kuligusa. Mwaka 1873 Phileas Fogg, wa riwaya nyingine ya Verne, amesharudi London, safari yake ya siku 80 ilianza tarehe 2 Oktoba 1872. Amerudi na mke, Aouda, Mparsi wa Bombay. Watu humkumbuka kama mjane aliyeokolewa asichomwe moto na maiti ya mumewe, basi. Lakini mumewe alikuwa nani? Raja, yaani mtawala, mzee wa Bundelkhand huko India, ambaye Aouda aliozeshwa kwake kwa nguvu akiwa yatima.

Na Nemo ni nani? Kitabu cha kisiwa kinafichua: Mwana-mfalme Dakkar, mtoto wa raja wa Bundelkhand, aliyepigana na Waingereza katika uasi wa 1857 na kupoteza familia yake yote.

Verne hakuwaunganisha popote. Unganisha wewe. Aouda ni shemeji wa ukoo wa Nemo, na ukoo huo ndio uliotaka kumchoma. Serikali inadhani inamtuma kwa kuwa anajua lugha. Yeye anajua anakwenda kumwangalia nani usoni.

Mwalimu_Zawadi

Nimesoma hili nikasimama na kuzunguka meza.

Basi nafunga hivi: 1873. Marian anaongoza, Aouda, Umslopogaas, Jekyll na Hyde. Wa tano amependekezwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nami sikuwa na la kumpinga: Alice wa Lewis Carroll, yule wa Nchi ya Ajabu. Kitabu kilitoka 1865 akiwa na miaka saba, kwa hiyo sasa ana 15, umri wa huyo binti mwenyewe. Ni mtoto aliyezoea kuona mambo yasiyowezekana na kuyauliza maswali kwa adabu. Nemo atasikika vipindi viwili vya mwisho tu, na sauti tumeazima kwa mlinzi wa shule, ambaye akikohoa getini darasa zima linanyamaza.

Sauti_ya_Usiku

Mlinzi asiisogelee maiki. Mweke hatua tatu nyuma, aongee ndani ya ndoo tupu ya bati, utapata chuma cha Nautilus bila kununua kitu.

Mwalimu_Zawadi

Wakuu, mrejesho. Ndoo imefanya kazi. Jana tumesoma kipindi cha tano kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwandikia Aouda amsamehe Nemo mara tu anapojua habari za mkewe na watoto. Binti anayemwigiza alifika kwenye mstari huo, akaweka karatasi mezani, akaniuliza, "Mwalimu, mimi namsamehe kwa sababu gani? Yeye kaniomba?"

Sikuwa na jibu. Mstari nimeufuta, na nafasi yake nimeiacha wazi. Amesema ataniletea wake Jumatatu.