Leva za ziada za breki kwenye baiskeli ya resi, nizitoe au nikaze waya?

Mteremko_Moshi
Wakuu habarini. Nina resi ya mtumba, ya chuma, ya zamani kabisa, ule usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Leva za breki zimeungwa na leva nyingine ndefu zinazopita chini ya usukani ili ubane breki ukiwa umekaa wima, na mimi nilizipenda maana mgongo hautaki kuinama. Sasa juzi nashuka kutoka Kibosho, bodaboda kakata mbele yangu ghafla, nikaminya zile za ziada mpaka zikagusa usukani na baiskeli bado inatembea, nikaishia kwenye majani. Fundi anasema nikaze waya tu. Kweli itatosha?

FundiSpoku
Pole sana mkuu. Kukaza kutasaidia kidogo ila haitoshi. Leva hiyo haivuti waya yenyewe, inasukuma ile leva kubwa, na nafasi yake ya kutembea ni fupi, mipira ya breki ikilika kidogo tu inagonga usukani kabla breki haijashika. Halafu bati lake jembamba, ukiminya kwa nguvu linapinda. Wazungu wenyewe walizipa jina la leva za kujiua. Zitoe, ila angalia pini inayoshika leva, za aina hiyo ni ndefu na itabaki imetokeza, tafuta fupi.

dada_wa_resi
Msimwambie leva zote za ziada ni mbaya jamani. Zipo zinazofungwa juu ya usukani karibu na shingo (kile chuma kinachoshika usukani), watu wa saiklokrosi, zile mbio za kwenye matope na majani, wanazitumia sana, mimi ninazo na zinashika vizuri kabisa. Ganda la waya, yaani mfuniko wa nje ambao waya unapita ndani yake, linakatwa vipande viwili, leva inakaa katikati, ukiminya inasukuma ganda badala ya kuvuta waya, na breki inabana vilevile. Mwisho wa ganda upigwe tupa uwe bapa, la sivyo breki inakuwa laini kama sponji. Ila kwako itabidi ubadili na leva kubwa, kama waya wako unatokea juu ya leva hewani hazitakaa, zinataka waya unaopita chini ya utepe wa usukani. Pima na unene wa usukani, za zamani nyingi katikati ni milimita 25.4 au 26, za sasa 31.8. Breki za mafuta usijaribu.

mzee wa pedeli
Kijana, shida yako ni mgongo, inua usukani kwanza. Legeza bolti ya juu ya shingo mizunguko kadhaa, weka kibao, gonga na nyundo mpaka ishuke, shingo italegea uivute juu. Usipite alama iliyochorwa kwenye shingo, ukipita inaweza kuvunjika.

Mteremko_Moshi
Shikamoo mzee, asante wote. Nimeinua kama vidole vitatu, alama bado haionekani, sasa nafikia leva kubwa bila kuumia. Za ziada nimezitoa, natafuta pini.