Proxmox (mfumo wa kuendesha kompyuta pepe) nyumbani: SSD mbili na HDD moja, nizipangeje?

seva_ya_sebuleni
Wakuu, nina kompyuta yenye RAM GB 32, SSD mbili za TB 1 na HDD ya TB 4. Nataka VM (kompyuta pepe) tatu na kontena (mazingira mepesi yanayotumia kiini cha seva) sita hivi. Diski nizipange kwa ZFS au LVM-thin (njia mbili za kusimamia hifadhi)? Filamu na bakapu zikae wapi? Umeme huku haukawii kukatika.

fundi_diski
SSD zifanye pacha, data ileile iandikwe kwenye zote mbili. Kwenye kisakinishi chagua ZFS RAID1, ashift (ukubwa wa bloku za diski) iache 12. VM na kontena zitakaa kwenye hifadhi iitwayo local-zfs, ISO (faili za kusakinishia mifumo) zitakaa kwenye local. Diski ziunganishwe moja kwa moja na ubao, zisipitie kadi ya RAID.

Angalia RAM. Tangu toleo 8.1 kisakinishi huipa kashe ya ZFS (data inayowekwa kwenye RAM ili isomwe haraka) asilimia 10 ya RAM, isizidi GB 16. Matoleo ya nyuma yaliiachia hadi nusu. Kama uko kwenye toleo la nyuma, kupunguza hadi GB 4, andika kwenye /etc/modprobe.d/zfs.conf:

`options zfs zfs_arc_max=4294967296`

kisha `update-initramfs -u -k all` na uwashe upya.

HDD iumbize kwa ext4, uiunganishe kwenye /mnt/hdd kupitia /etc/fstab (orodha ya diski za kuunganishwa seva ikiwaka) ukiongeza `nofail` ili seva iwake hata HDD ikikosekana, halafu:

`pvesm add dir hdd --path /mnt/hdd --content backup --is_mountpoint yes`

Hicho kipande cha mwisho, `--is_mountpoint yes`, usikiruke. Bila hicho, siku HDD isipounganishwa, bakapu zitaandikwa kwenye diski ya mfumo mpaka ijae.

kebo_nyeusi
Nakubali, ila LVM-thin si mbaya kwa mwenye SSD moja na RAM ndogo. Hatari yake ni kugawa nafasi kuliko iliyopo: ikijaa, VM zote zinashindwa kuandika kwa mpigo. Tazama nafasi iliyotumika, Data% na Meta%, kwa `lvs`. Kwa vyovyote, weka tiki kwenye Discard katika mipangilio ya diski ya VM na uendeshe `fstrim` ndani yake, ili nafasi ya faili zilizofutwa irudi. Kwa kontena zilizo kwenye LVM-thin ni `pct fstrim 101` (101 ni namba ya kontena).

UPS (betri ya akiba) nunua. ZFS haiharibiki kirahisi umeme ukikatika, lakini maandishi ya sekunde chache za mwisho yanaweza kupotea. SSD za bei rahisi nazo huchakaa haraka, fuatilia kwa `smartctl -a`.

seva_ya_sebuleni
Nimeingiza folda ya filamu kwenye kontena kwa `pct set 101 -mp0 /mnt/hdd/filamu,mp=/filamu`. Inasomeka, kuandika inagoma: "Permission denied".

fundi_diski
Hiyo ni kontena isiyo na mamlaka ya root. Namba za watumiaji wake huongezewa 100000, kwa hiyo mtumiaji 1000 wa ndani ni 101000 kwenye seva. Kwenye seva yenyewe:

`chown -R 101000:101000 /mnt/hdd/filamu`

Usikimbilie chmod 777.