Kava gani la simu litahimili Uluguru, Lengai na Kilimanjaro? Naombeni ushauri

Nyota ya Mgeta

Habarini wanajamvi. Naombeni ushauri kwa mnaopanda milima, na mafundi simu kama mpo.

Natumia Samsung Galaxy A15. Simu ya kawaida tu, haina uwezo wa kuzuia maji. Ndiyo kamera yangu, ndiyo ramani yangu, na pesa zangu zote zimo humo. Mwezi wa tisa kikundi chetu kinakwenda Ol Doinyo Lengai, na Desemba nimejiandikisha kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, pamoja na wale wanaopanda kuadhimisha tarehe 9. Katikati hapo wikiendi nyingi tuko Uluguru, na Uluguru mnaijua, mvua yake haina ratiba.

Sasa hivi nina lile kava laini la plastiki linaloonyesha, limeshageuka njano. Nimepita Kariakoo nikaonyeshwa aina tatu. Kuna gamba gumu la tabaka mbili lenye pete ya chuma mgongoni, muuzaji anaapa kwamba ni la kijeshi na limeandikwa hivyo kwenye boksi. Kuna kava la kitabu la ngozi linalofunga kwa sumaku. Na kuna ule mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni, wa kwendea nao ufukweni. Bajeti yangu ni elfu arobaini, kava na protekta kwa pamoja. Nichukue lipi? Natanguliza shukrani.

Ngoja Waje

Ngoja waje wenye milima yao. Nimekaa pale.

Kitochi Daima

Dada, hiyo elfu arobaini nunua kitochi. Kikidondoka unaokota betri, unaokota mfuniko, unaunga, unapiga simu. Smatifoni iache nyumbani.

Nyota ya Mgeta

@Kitochi Daima na picha za kileleni nitapiga na nini kaka yangu? 😂

Fundi wa Aggrey

Dada Nyota, karibu. Mimi kazi yangu ni kubadilisha vioo, kwa hiyo ninayoyasema nayaona mezani kila siku. Simu nyingi zinazoletwa kwangu zimevunjikia kona. Simu ikianguka ni nadra itue bapa, hutangulia kona, na mshtuko unasafiri hadi kwenye kioo. Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi au maandishi ya boksi, binya kona za kava. Ziwe nene kuliko ubavu na ziwe na mpira unaobonyea kidogo. Gamba gumu tupu lisilo na mpira ndani halinyonyi kitu, linapitisha kishindo kama kilivyo. Ndiyo maana yale ya tabaka mbili, gumu nje na mpira ndani, yana maana yake.

Jambo la pili ni ukingo wa mbele. Hapo hapo dukani valisha simu kava, ilaze kifudifudi juu ya kioo cha kaunta, halafu inama uchungulie kwa usawa wa macho. Usipoona mwanga ukipita kati ya kioo cha simu na kaunta, hilo kava ni pambo. Fanya hivyo protekta ikiwa imeshabandikwa, maana protekta nayo ina unene wake na inakula ule ukingo. Upande wa nyuma kagua vivyo hivyo kwa lenzi za kamera.

Halafu usinunue protekta kwanza. Makava mengi manene yanabana pembeni, yananyanyua protekta ya kioo inayofika hadi ukingoni, vumbi linaingia chini yake, na baada ya wiki unarudi unamlaumu fundi. Kava kwanza, protekta baadaye.

Mhandisi Kimya

Nakazia kwa Fundi, na niongeze kuhusu hilo neno "kijeshi". Kipimo chenyewe kipo, kinaitwa MIL-STD-810, ni cha jeshi la Marekani. Jaribio lake la kuangusha vifaa ni mara 26 kutoka mita 1.22, yaani nyuso 6, kingo 12 na kona 8, juu ya ubao wa plaiwudi uliolazwa kwenye zege. Ila watu wengi hawajui kwamba hizo mara 26 zinaruhusiwa kugawanywa kwa vifaa hadi 5, kila kimoja kinapokea sehemu yake. Na hakuna ofisi ya jeshi inayokagua makava na kugonga muhuri. Kampuni inajipima yenyewe na kujitangazia. Kampuni yenye jina ina sababu ya kulinda jina lake, lakini boksi lisilo hata jina la mtengenezaji, hayo maandishi ni wino tu.

Tena plaiwudi si jiwe la mlimani. Kava linalopita jaribio hilo kwa haki bado linaweza kushindwa na jiwe moja lenye ncha likigonga katikati ya kioo. Kwa hilo unayo protekta tu, na bahati.

Mgumu wa Marangu

Wakuu mmeongea vizuri ila mmekaa sana dukani, twendeni mlimani. Mimi nabeba mizigo ya wageni njia hiyo hiyo ya Marangu na simu zinaharibika nikiona. Dada Nyota, kwa Kilimanjaro adui wako wa kwanza ni baridi. Kuanguka kunafuata, na mara nyingi kunaletwa na hiyo hiyo baridi.

Mtaondoka kambi ya Kibo, mita 4,720, kama saa sita za usiku. Mkifika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, vidole havisikii tena. Pale ndipo watu wanavua glovu wapige picha, simu inateleza mkononi na mtu hana habari. Kava zuri kuliko yote halikusaidii simu ikiporomoka kwenye kokoto za ule mteremko. Unachohitaji ni kamba. Kuna vile vikamba vyenye kitambaa chembamba kinacholala kati ya simu na kava, kinatokeza kwenye tundu la chaji, unafunga kamba ya shingoni au unaipachika kwenye mkanda wa begi. Sasa sikiliza, kamba hiyo inategemea kava. Kava laini lililolegea, ukiivuta kwa nguvu linavuka, simu inakwenda zake unabaki na kava mkononi. Lile la tabaka mbili linashika. Hakikisha sehemu ya chini imefungwa, isiwe wazi ukingo mzima.

Kuhusu betri, hakuna kava litakalokuokoa. Betri ya lithiamu ikipoa sana umeme hautoki ipasavyo, simu inazima huku ilikuwa inasoma asilimia 40. Iweke mfuko wa ndani kabisa, karibu na mwili, si kwenye begi. Usiku lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, na pawabenki pia. Ikizima usiogope, ipashe joto la mwili itawaka. Ila usiichaji ikiwa bado ya baridi kama chuma, ipate joto kwanza, maana kuchaji betri iliyoganda kunaiharibu moja kwa moja.

Na uwe na subira na posti. Pale kambi ya Horombo, chini ya Kibo, intaneti ipo tangu 2022, basi utaona watu wanashinda na simu nje kwenye upepo wakirusha picha, halafu usiku wa kileleni betri hamna.

Wa Nanyuki

Salamu kutoka upande wa Mlima Kenya. Naongea kuhusu ule mfuko wa ufukweni. Nimeutumia njia ya Naro Moru, na waliopita kule wanajua lile tope. Maji hayakuingia, hapo sina neno. Lakini ukipiga picha ndani ya ile plastiki, asubuhi kukiwa na baridi inajaa ukungu kwa ndani, picha zote zinatoka kama umepigia dirishani kwa matatu. Na mvua ikinyesha juu yake kioo kinachanganyikiwa, matone kinayahesabu kama vidole.

Kwa hivyo uchukue, lakini kama stoo. Mvua ikianza simu inaingia, mvua ikiisha inatoka. Usiufanye ndiyo kava. Na mkija huku kwetu kumbukeni plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, usije na simu umeizungushia karatasi ya nailoni ya dukani, getini utaulizwa.

Nyota ya Mgeta

Aisee, asanteni sana. @Mgumu wa Marangu hilo la kamba sikuwa nimeliwaza kabisa. Sasa lile kava la kitabu je? Mama yangu analo na simu yake haijawahi kupasuka, na linafunika kioo chote.

Mhandisi Kimya

La kitabu linafaa kwa mama, simu inatoka kwenye pochi inarudi kwenye pochi. Mlimani lina mambo mawili. Kwanza mara nyingi kona ziko wazi au zimeshikwa na kiplastiki chembamba, ngozi inafunika nyuso tu. Pili ile sumaku. Simu inajua kaskazini kwa kihisi kinachosoma usumaku wa dunia, na sumaku ya kifuniko ikikaa karibu, mshale wa dira unaelekea inakotaka sumaku. Nukta yako kwenye ramani itabaki sahihi, kwa sababu GPS inasikiliza setilaiti na sumaku haiisumbui. Lakini ukisimama gizani kwenye njia panda, mshale unaweza kukuonyesha kushoto kuwa ndiyo mbele.

Hii inahusu pia pete ya mgongoni. Nyingi zina bamba la chuma au sumaku ya kunasia simu kwenye gari. Kama ukilipata lile kava bila pete, chukua hilo. Ukikosa, fungua dira ya simu hapo hapo dukani, lisogeze kava karibu uone kama mshale unahama.

Dereva wa Engare Sero

Hakuna aliyegusa Lengai mpaka sasa? Mimi napeleka watu pale. Mlima si mrefu, mita 2,962, ila ni mwinuko mkali na majivu matupu. Mnaanza usiku kukwepa jua, na kuna sehemu mnapanda kwa mikono na miguu. Vumbi lake ni laini kama unga na linakwaruza. Linaingia kati ya kava na simu, halafu kila ukitembea linasugua. Ukivua kava siku ya tatu unakuta mgongo umechorwa kama umepigwa msasa.

Kwa hiyo dada, kila jioni vua kava, kung'uta, futa kwa kitambaa kikavu, kisha rudisha. Tundu la chaji tumia brashi laini ya meno, usipulize kwa mdomo, mate yakikutana na yale majivu ni balaa. Ukipata kava lenye kifuniko kidogo cha mpira kwenye tundu la chaji, kwa Lengai hilo ndilo. Na mkiwa mnashuka jua limetoka, simu ikiwa ndani ya kava nene huku inarekodi video, itapata moto hadi ikatae. Ivue kava uipumzishe kivulini.

Fundi wa Aggrey

Hapo kwenye kifuniko cha chaji nakubali nusu. Kinazuia vumbi kweli, lakini kile kikamba cha Mgumu kinapita tundu hilo hilo. Huwezi kuwa navyo vyote viwili. Mimi kwa safari zake ningechagua kamba, vumbi linasafishika.

Duka la Makava

Nina makava ya A15 aina zote, njoo PM, mzigo mpya, bei ya jumla.

Ngoja Waje

Walichelewa kidogo, lakini wamefika 😂

Nyota ya Mgeta

Basi naona njia. La tabaka mbili lisilo na pete, kamba, na ule mfuko wa ufukweni wa akiba ya mvua. @Fundi wa Aggrey, niagize mtandaoni au nije mwenyewe? Kuna mtu anauza la A14 bei chee, anasema linaingia.

Fundi wa Aggrey

La A14 usichukue. A15 ina ule uvimbe ubavuni penye vitufe, na kitufe cha kuwashia ndicho kinachosoma alama ya kidole. Kava la simu nyingine halijachongwa kwa uvimbe huo, litakaa limebinuka upande mmoja na kona mbili zitabaki nje. Njoo na simu yenyewe mkononi. Likishavaa, jaribu kufungua kwa kidole mara kadhaa. Kuna makava manene yanaacha kitundu kirefu kama kisima, kidole hakifiki chini.

Mgumu wa Marangu

Na weka namba ya siri unayoikumbuka, maana juu kule vidole vikishakauka na baridi alama haisomi. Halafu ukiwa dukani vaa glovu nene, watakucheka lakini vaa. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka, kamera ifunguke, kisha upige picha kwa kitufe cha sauti. Kava likikulazimisha uvue glovu ndipo vitufe vikubali, rudisha, chagua jingine.