BMU yetu itafikaje kwenye Tume ya Jodari? Naomba ushauri

Katibu wa Bandarini
Salaam wanajukwaa. Mimi ni katibu wa BMU moja (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) huku Kwale. Shirika fulani la nje limetuletea barua tutie saini, iende Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC). Inataka vile vifaa vinavyoelea, ambavyo meli kubwa hukusanyia samaki, vipunguzwe. Wazee wanauliza: sisi na tume iliyoko Victoria, Shelisheli, wapi na wapi? Nasikia vyama vinaweza kuomba kuhudhuria kama waangalizi, lakini nauli hatuna. Tuanzie wapi?

Mvua ya Kusi
Achaneni nayo. Februari 2023 walikutana hapo hapo Mombasa, wakapiga kura vifaa vinavyoelea vifungiwe siku 72 kwa mwaka. Umoja wa Ulaya na wenzake wakaweka pingamizi, azimio likafa. Mwenye meli ndiye mwenye neno.

Bi Nahodha
Mvua, habari yako ni kweli, ila usiishie hapo. Azimio la tume hiyo huanza kuwabana wanachama siku 120 baada ya kutangaziwa, na ndani ya siku hizo kila nchi ina haki ya kupinga. Wapingaji wakizidi theluthi moja ya wanachama, halimbani tena yeyote. Wenye meli wanaijua hesabu hiyo vizuri. Sisi huku tulishangilia kura tukaenda kulala.

Katibu, nauli iache kwanza. Kwenye tume anayepiga kura ni serikali, na msimamo wa Kenya huandikwa nyumbani kabla wajumbe hawajapanda ndege. Hapo ndipo pa kuwahi. Mapendekezo hutakiwa kuwasilishwa siku 30 kabla ya mkutano na huwekwa kwenye tovuti ya tume, kwa Kiingereza na Kifaransa. Tafuteni mtu awasomee kwa Kiswahili hapo bandani. Kisha andikieni idara ya uvuvi ukurasa mmoja tu: pendekezo namba fulani, tunaliunga mkono au tunalikataa, sababu hizi. Nakala kwa kaunti na kwa mbunge wenu. Ulizeni pia serikali itasimama upande gani. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya kuuliza, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Mkutano ukiisha msilale, hesabuni hizo siku 120 za pingamizi.

Mtumwi
Naongeza. Wengi hudhani tume hiyo ni ya jodari wa meli kubwa tu. Inasimamia aina 16, na nguru na sulisuli wamo. Hao si samaki wenu? Takwimu za wavuvi wadogo ndizo dhaifu kabisa kwenye hesabu zao, kwa hiyo daftari lenu la mapokezi ya samaki, likijazwa vizuri, lina uzito kuliko saini mia. Ambatanisheni.

Katibu wa Bandarini
Ahsanteni sana. Na barua ya hao wageni?

Bi Nahodha
Usiisaini ilivyo. Waombe tafsiri ya Kiswahili, na waseme nani anawafadhili. Halafu angalia jambo moja: je, inatenganisha vifaa vinavyoachwa vielee baharini na vile vilivyotiwa nanga? Kama wapo wanachama wenu wanaovulia kwenye vya nanga, na barua imeandika "vyote", mtakuwa mmejifungia wenyewe. Wakikubali kurekebisha, saini, na uweke barua yenu fupi nyuma yake.

Mvua ya Kusi
Hiyo ya nanga sikuifikiria. Bado naona wenye meli watashinda, lakini haya.

Katibu wa Bandarini
Nimeifungua sasa hivi. Imeandikwa "vyote". Tuna kikao Ijumaa baada ya sala. Nani anaweza kutusomea pendekezo lenyewe kutoka Kiingereza?

Mtumwi
Nitumie faragha, kesho jioni nina nafasi.