Jefferson: mambo ya nyumbani kwake yanampunguzia ukubwa?

Mdodosi: Wakuu, Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, ndiye aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Huyohuyo alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake, akazaa na mmoja wao, Sally Hemings. Je, ukubwa wake uko palepale?

Bin Shamte: Uko palepale. Kiongozi hupimwa kwa kazi. 1803 alilinunua eneo la Louisiana kutoka kwa Wafaransa, nchi ikawa karibu mara mbili. Ya chumbani tumwachie mkewe.

Mama Zulekha: Mkewe yupi? Martha alifariki 1782. Sally alipelekwa Paris, Jefferson alikokuwa balozi, 1787 akiwa na miaka 14 hivi, bwana wake ana 44. Mtoto asiye na uwezo wa kukataa, wewe unaita ya chumbani?

Bin Shamte: Dada, punguza jazba. Hayo yalianzia kwenye magazeti ya mahasimu wake.

Mama Zulekha: Na vipimo vya vinasaba (DNA) vya 1998 navyo ni vya mahasimu? Usiniambie jazba, nina binti wa umri huo.

Bin Shamte: Vipimo vilionyesha baba ni wa ukoo wa Jefferson, havikutaja jina.

Ngosha: Enzi zile wote ndivyo walivyokuwa. Mbona soko la watumwa Unguja lilikuwepo hadi 1873, lakini masultani wake hatuwasemi?

Mtu wa Wete: Nani hawasemi? Nenda Mkunazini, lilipokuwa soko pana kanisa, na sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni zimo shimoni pale. Kila akiguswa Mzungu lazima Unguja itajwe!

Ngosha: Nimesema masultani, sijasema Wazanzibari. Mbona unajishuku?

Mtu wa Wete: Sijishuku, nimechoka.

Mdodosi: Jamani, turudi kwenye mada. Si kweli kwamba wote walikuwa hivyo. George Washington, rais wa kwanza, aliacha wosia watumwa wake wawe huru. Jefferson kwenye wosia aliwapa uhuru watano tu. Mmoja ni Joe Fossett, mhunzi. Mkewe Edith, aliyempikia Jefferson Ikulu, akanadiwa pamoja na watoto huko Monticello, shambani kwa Jefferson, 1827 kulipia madeni ya marehemu.

Mama Zulekha: Mume huru, mke na watoto mnadani. Bin Shamte, na hayo ni ya chumbani?

Bin Shamte: Hayo ni madeni. Ila jiji la New York kuiondoa sanamu ya Jefferson kwenye ukumbi wa baraza lake 2021 sikubali.

Mtu wa Wete: Sanamu imeingiaje tena? Mtoa mada kauliza ukubwa.

Bin Shamte: Ndiyo hiyohiyo. Ukiitoa, umeshajibu.